Fomu Niliyojaza Bila Kuuliza

Vijana wangu,

Mmeniomba niandike jinsi kazi ya kuomba ruzuku za serikali ilivyokuwa kabla ninyi hamjaja, ninyi mnaokaa sasa kwenye ile meza karibu na dirisha. Nimekubali, lakini msitarajie mpangilio. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikapima majani ya chai miaka mingi kule Mogogosiek, na niliingia katika kazi hii kwa sababu moja tu: mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mwalimu Rael, aliyeanzisha Nyumba yetu ya watu wasio na makao hapa Kapsoit, aliuona mwandiko huo kwenye karatasi ya mizani ya dada yake. Akafunga safari hadi kituo cha kupimia, akasimama kwenye foleni ya watu wenye magunia ya majani, na zamu yake ilipofika akaniambia hana majani ya kupima. Amekuja kupima karani.

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mshahara ulikuwa mdogo na chakula kilikuwa kingi.

Fomu ya kwanza nilijaza kama barua tuliyofundishwa shuleni. Nilianza kwa kumtakia afisa afya njema, yeye na jamaa yake. Nikasifu hekima ya serikali ya kaunti kwa ukurasa mzima na nusu. Mahali palipoulizwa tunahitaji nini, nafasi ilikuwa imebaki kidogo, nikaandika, "Vitanda kadhaa na mambo mengine." Mwalimu alisoma karatasi zote akiwa amesimama. Alipomaliza akaniuliza kama mimi ningepeleka mtoto dukani na pesa nimwambie anunue vitu kadhaa na mambo mengine.

Kwa hiyo la kwanza ni hilo. Andika vitanda vinane ukitaka vitanda vinane. Andika vya mbao au vya chuma. Yule anayesoma hajawahi kufika Kapsoit, na wewe ndiwe macho yake.

Kosa lingine lilikuwa la picha. Tuliambiwa tuambatanishe picha za watu tunaowahudumia. Nikatangaza siku ya picha, na mnajua watu wetu wakisikia picha. Walioga tangu asubuhi. Mzee mmoja aliazima koti la mchungaji. Akina mama walivaa sweta mpya ambazo kanisa lilikuwa limeleta wiki hiyohiyo. Nikawapanga mbele ya ua la miiba ya kei, wafupi mbele, wote wakitazama kamera kama kamati ya harusi. Afisa aliponipigia simu aliniuliza kwa upole kama nimekosea bahasha nikampelekea picha ya wadhamini.

Tangu siku hiyo tulipiga picha ya paa linalovuja. Watu tuliwaacha wavae wanavyotaka, kwa ajili yao wenyewe.

Leo ninyi mnajaza kwenye mtandao, na nimewaona mkishika kichwa siku ya mwisho ule mduara unapozunguka bila kufika. Sisi tulikuwa tunafunga karatasi ndani ya mfuko wa mbolea, tunazipeleka Kericho mjini kwa mkono. Njia ni tofauti, ila ugonjwa ni uleule. Peleka siku tatu kabla. Barua ya chifu itafute mwezi mzima kabla, kwa sababu chifu ana baraza, ana mazishi, ana kesi za ng'ombe, na wewe sio shida yake kubwa. Na usigonge muhuri kila mahali kwa furaha. Mimi niliwahi kuugonga juu ya sura ya mwenyekiti wetu.

Hayo ni makosa ya kucheka. Kuna moja ambalo sijawahi kulicheka, na ndilo hasa linalonifanya nishike kalamu.

Kwanza mkumbuke Nyumba ilivyokuwa, maana nyinyi mmeikuta imejengwa. Ilikuwa ghala la zamani la mahindi nyuma ya soko. Wengi waliokuja kwetu walikuwa watu wa chai. Ukichuma chai ya kampuni unapewa nyumba ya kampuni, unazaa humo, unazeeka humo. Siku unapostaafu, au siku mashine ya kuchuma inapochukua nafasi yako, nyumba inabaki na wewe unatoka. Kama ulituma pesa nyumbani miaka yote ukajengewa, unaenda nyumbani. Kama ulituma na hukujengewa, unakuja kuuliza kwa Mwalimu Rael.

Wanaume walikuwa na chumba chenye vitanda. Akina mama wanne walilala jikoni. Mchana walikunja magodoro, wakayasimamisha ukutani, na kazi za jikoni zikaendelea. Jikoni hakukuwa na kufuli, na hata lingekuwapo lisingesaidia. Anayetaka chumvi aliingia. Anayetaka maji ya moto aliingia. Mimi mwenyewe niliingia saa yoyote kutafuta chai, sikubisha hodi hata siku moja. Nani hubisha hodi jikoni?

Mama Nyaboke ndiye aliyelisema. Alikuwa Mkisii, amechuma chai miaka thelathini na zaidi, mwembamba, mwenye vidole vilivyoingia weusi wa majani ambao hautoki kwa sabuni. Aliniita karani hata mbele ya wageni wenye vyeo. Siku moja mzee fulani aliingia akitafuta kiberiti huku Mama Nyaboke akibadilisha blauzi, na jioni hiyo mama akamwambia Mwalimu, "Hapa jikoni ni stegi ya matatu. Kila mtu anashuka hapa." Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka. Kesho yake aliniita akasema mwaka huu tunaomba chumba kimoja tu, cha akina mama, chenye vitanda vinne na mlango unaofungwa kwa ndani.

Idara ya kaunti ilikuwa imetangaza ruzuku kwa vikundi vinavyosaidia watu wasio na makao. Fomu ilikuwa nzuri, kusema kweli. Kulikuwa na jedwali la kujaza kila mtu: jina, umri, kazi aliyofanya, halafu safu ya makazi ya kudumu. Mwalimu alikuwa anasafiri kwa dada yake. Kabla ya kuondoka aliniambia neno moja: "Enda ukae nao uwaulize."

Sikukaa nao, na sikuwauliza.

Nataka mnielewe hapa, sio kwa kujitetea. Mimi ni Mkipsigis, nimelelewa kujua kwamba mtu mzima humuulizi kama ana kwao. Kila mtu ana kwao. Ukimwambia mtu hana kwao umemtukana pamoja na wazazi wake waliokufa. Hata watu wetu wenyewe waliolala jikoni, ukiwasalimu na kuwauliza wanatoka wapi, walikutajia kilima, mto na jina la chifu. Kogo Tabutany, bibi yetu mmoja aliyefiwa na mume akafukuzwa na watoto wa mke mwenzake, alikuwa anasema, "Mimi mtu wa Sigor," na kichwa juu. Ningeanzaje kumwambia hapana, niambie ukweli, huna pa kwenda?

Basi nikatafuta njia ya heshima. Nilikusanya vitambulisho vyao, nikasema ni vya kunakili namba. Nyuma ya kitambulisho kuna wilaya, tarafa na lokesheni. Nikaketi mezani na kalamu nzuri, na katika safu ya makazi ya kudumu nikaandika kwa kila mmoja lokesheni ya kwao. Asubuhi moja ilitosha. Nilipomaliza nilitazama jedwali lile, safi, bila pengo hata moja, nikaona nimewatunzia watu hadhi yao. Nikalipeleka Kericho siku nne kabla ya mwisho. Hata nikajisifu njiani.

Baada ya miezi miwili afisa alikuja mwenyewe, mama kijana mwenye adabu, na gari la kaunti likamngoja nje. Mwalimu alikuwa amerudi. Afisa akatueleza kwamba kamati imesoma maombi yetu kwa makini. Ruzuku ni ya watu wasio na makao, na hawa wetu, kama karani wetu alivyoonyesha vizuri, wote wana makazi ya kudumu. Kwa hiyo chumba hakitapita mwaka huu. Lakini kamati imeguswa, na imeona isaidie kwa njia nyingine: gari litawapeleka wale mama wanne nyumbani kwao, kila mmoja mpaka mlangoni, na gunia la unga juu. Alisema kwa furaha. Alikuwa anatuletea zawadi.

Mwalimu aliomba kuiona fomu. Akaisoma safu ile kutoka juu hadi chini, akavua miwani. Akasema kwa sauti ya chini, akinitazama mimi, "Joel. Umewagawia watu wangu mashamba."

Sasa sikilizeni, kwa sababu kosa la kweli ni hili. Fomu ilikuwa kosa la mkono. Pale, mbele ya afisa, nilikuwa bado na mdomo. Ningesema, madamu, hayo niliyoyaandika ni ya vitambulisho, sikuwauliza, tafadhali turekebishe. Dakika moja. Niliogopa kuitwa mtu aliyedanganya serikali, niliogopa pia kusema maneno hayo akina mama wakisikia, kwa sababu walikuwa wamesimama mlangoni wote wanne. Nikanyamaza. Nao wakanyamaza, maana ili wakatae gari ingebidi mmoja wao aseme mbele ya watu kwamba kule hakuna mlango wa kumfungulia. Mwalimu naye hakutaka kulisema kwa niaba yao. Kogo Tabutany akamshukuru afisa, akasema kongoi, akaenda kukunja blanketi.

Mwalimu alinipangia adhabu bila kuiita adhabu. Mama Nyaboke alikuwa na safari ndefu kuliko wote, na Mwalimu akasema nitampeleka mimi.

Tulifika kwao juu huko milima ya Kisii mchana. Mpwa wake, mtu wa makamo aitwaye Onchari, alitupokea kwa heshima zote. Mkewe aliharakisha kutandika kitambaa mezani. Tulikunywa chai, tukala ndizi za kuchemsha. Mama Nyaboke alikaa na mkoba wake mapajani, mikono miwili juu yake. Kupitia mlangoni niliona shamba lenyewe. Lilikuwa dogo, na limepandwa mpaka hatua ya mwisho, majani ya ng'ombe yanagusa ukuta wa nyumba. Mahali ambapo Mama Nyaboke alikuwa amenionyesha kwa kidole tulipokuwa tunashuka garini, palipokuwa na nyumba ya mama yake, palisimama zizi la ng'ombe lenye bati jipya.

Onchari hakuwa mtu mbaya. Msimfikirie hivyo. Alijaza vikombe vyetu tena, akauliza kwa sauti ya mtu anayepanga mambo, "Shangazi, utakaa nasi siku ngapi?"

Mama Nyaboke akasema, "Kidogo tu."

Nikamaliza chai. Dereva alikuwa anapiga honi kwa sababu ya mvua na barabara. Nikasimama, nikaaga, nikamwacha hapo na gunia lake la unga. Hakuniambia nisimwache. Alisema nisalimie Mwalimu.

Alirudi baada ya siku nane. Lori la majani lilimpa lifti sehemu ya njia, sehemu nyingine alitembea, na alimletea Mwalimu mkungu mdogo wa ndizi, kwa sababu mtu hatoki kwao mikono mitupu. Aliponiona alisema, "Karani, nyumbani ulikoniandikia ni kuzuri. Ng'ombe wanalala vizuri sana." Halafu akaingia jikoni akatandika godoro lake. Wengine walikuwa wamesharudi kabla yake. Kogo Tabutany alikuwa amekaa Sigor mchana mmoja tu.

Ruzuku ilikuwa inatolewa mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo nilikuwa nimewapa mwaka mwingine wa jikoni. Mvua za masika zilikuja, kuni zikawa mbichi, moshi ukakaa chini. Mama Akinyi, wa nne wao, mnyamavu, aliyekuwa akinishonea vifungo bila kuombwa, alikuwa na kifua tangu zamani. Mwezi wa saba tulimpeleka hospitali na hakurudi. Daktari alisema ni kifua cha siku nyingi. Mwalimu hakunilaumu, wala wenzake. Mimi naweza kuhesabu. Nilipoandika fomu ile ya vitambulisho walikuwa wanne.

Fomu za mwaka uliofuata zilipotoka, Mwalimu aliweka moja mezani kwangu. Niliichukua nikaenda jikoni. Akina mama walikuwa wanachagua maharagwe. Nikavuta kigoda, nikachukua sinia na mimi, nikachagua maharagwe mpaka nikaona aibu ya kunyamaza inazidi aibu ya kusema. Nikawaambia nilichofanya mwaka jana, kwamba vitambulisho havikuwa vya namba. Walijua. Walikuwa wamejua tangu siku ya gari.

Nikamuuliza Mama Nyaboke, kwa maneno ya kuzungukazunguka, niandike nini katika safu ya makazi.

Akasema, "Andika sina."

Nikasema, "Mama, tunaweza kuweka maneno mengine. Tuseme kwa sasa anaishi…"

"Karani. Ile ya kwanza uliandika hukuniuliza. Sasa umeniuliza. Andika sina."

Nikaweka sinia chini, nikashika kalamu. Nikaandika. Kogo Tabutany alinyoosha shingo kutazama kalamu ingawa hasomi, akasema, "Na yangu usiandike Sigor. Sigor iko. Ni mimi ndio siko huko." Mama wa tatu, Rebeka, alicheka mpaka akafuta macho, akasema aandikwe hivyohivyo kama wenzake.

Kisha wakanifundisha kazi. Mama Nyaboke alisema neno moja halitoshi, huyo mama wa kaunti ataona nimesahau kujaza. Andika tunalala wapi. Kwa hiyo, vijana, katika safu ile iliandikwa: "Hana. Analala jikoni, upande wa kuni, godoro hukunjwa saa kumi na moja asubuhi kabla ya uji." Na ya pili: "Hana. Analala jikoni, karibu na mlango, huamshwa na kila anayeingia." Mwandiko ulikuwa mbaya kuliko wote nilioandika maishani. Chini nikaongeza barua fupi yenye jina langu, nikieleza kwamba jedwali la mwaka uliotangulia nililijaza bila kuwauliza wenyewe, na kosa ni langu.

Nilifikiri nitafukuzwa. Afisa yuleyule alikuja bila kutupigia simu, akaomba kuona jikoni. Alisogeza gunia la makaa kwa mkono wake, akatazama magodoro ukutani. Alikaa kwenye kigoda akanywa uji na akina mama. Alipotoka aliniuliza kwa nini sikumwambia siku ile ya gari. Nilimjibu kwamba niliona aibu. Akasema hata yeye alipoondoka kwetu siku ile alihisi kuna jambo, na hakuuliza, kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo ninyi ulizeni. Msikimbilie kitambulisho, wala faili ya zamani, wala ile kumbukumbu ya mashine yenu inayojaza majina yenyewe. Chukua kigoda. Shika kazi ambayo mikono yao inafanya, maharagwe, mahindi, chochote, kwa sababu mtu hujibu vizuri zaidi asipotazamwa usoni. Anza kwa kusema lako la aibu kabla hujaomba la mwenzako. Ukishaandika, msomee alichosema. Akikurekebisha, futa. Heshima niliyoifikiria mimi peke yangu mezani ilikuwa ya kunifaa mimi.

Ruzuku ilipita, na chumba kikajengwa kabla ya mvua, mbao na mabati, sakafu ya saruji, kile mnachokiita leo bweni la zamani na mnachotunzia mikeka. Vitanda vilikuwa vinne kama tulivyoomba, na cha nne Mama Nyaboke alikitandika kila siku vilevile, na sikumuuliza. Mwalimu alimkabidhi ufunguo bila hotuba.

Wiki ya pili nilikuwa nahitaji sahihi zao kwenye ripoti ya kaunti. Saa nane mchana nikaenda, karatasi mkononi, nikasukuma mlango kama nilivyozoea. Haukufunguka. Nilisimama kama mtu aliyegonga ukuta gizani. Nikabisha.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Mama Nyaboke.

"Ni mimi, karani."

"Karani gani?"

Nikasikia Kogo akizuia kicheko. Nikasema, "Joel."

"Unataka nini, Joel?"

"Sahihi zenu, Mama."

Ndani kulikuwa na mnong'ono, kitanda kikalia, mtu akacheka tena.

"Ngoja," akasema. "Hatujawa tayari."

Mvua ya mchana ilikuwa imeanza kudondoka juu ya bati. Niliingiza karatasi chini ya koti, nikasogea karibu na ukuta, nikangoja.